Vigingi Vyeupe vya Kamizi

Atumani hakuuliza habari ya jela wala ya hakimu. Aliuliza habari ya samaki.

Alikuwa amekaa sakafuni ndani ya ghala la pamba la Nyangwe, mgongo ukutani, mikono imefungwa mbele kwa kamba ya katani. Kando yake palikuwa na ndoo, na harufu ya ndoo ile ilimpokea Sajini Bulaimu kabla hajavuka mlango. Mfungwa alikuwa akitapika tangu jana. Sasa hakuwa na kitu tena tumboni.

"Bwana sajini," alisema, "wanasema weye ni mutu wa Kasongo, lakini mama yako alizaliwa pa muto. Niambie kweli. Watoto wadogo wakikula, inawashika pia, ao inashika wakubwa tu?"

"Wakikula nini?"

"Samaki ya Kamizi. Jumanne tulikula. Jumatano tena. Bibi yangu iko na mimba, na yeye anapenda sana vichwa. Alivunja vichwa vyote."

Bulaimu alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amekuja na maswali yake yamepangwa vizuri kichwani. Aliyaacha kwanza.

Jana asubuhi, Alhamisi ya mwisho ya Januari mwaka wa hamsini na tatu, wanawake waliokwenda kukata matete katika kinamasi cha Kamizi, chini kidogo ya Nyangwe, walikuta maiti imenaswa kwenye mizizi. Ilikuwa maiti ya Théophile, kijana wa Kabambare, msaidizi wa Bwana Gaston, yule mzungu mzee aliyekuja kila mwaka kutazama ndege. Théophile alikuwa haonekani tangu Jumatatu jioni, na hakuna aliyemtafuta. Alikuwa na tabia ya kwenda kwao kumwona mama yake bila kuaga mtu, kisha kurudi na karanga mfukoni na kumgawia kila aliyemkuta njiani. Watu walidhani safari hii pia atarudi na karanga. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka.

Bwana Roger, ajan wa teritwari, mzungu wa serkali pale, hakuchukua muda kumpata mwenye kosa. Kapita Faradji, mkubwa wa wavuvi wa Kamizi, aliapa kwamba Jumatatu kabla ya magharibi aliwaona Atumani na Théophile wakienda katika mtumbwi mmoja kuelekea matete ya mbali, na Atumani akarudi peke yake. Ndani ya mtumbwi huo kulikuwa na damu kavu. Tena maiti ilipofunuliwa mbele ya watu, Atumani alitapika, akaanguka magotini, akalia, "Nimekwisha!" Kwa Bwana Roger, neno hilo lilitosha. Kamyo ya pamba ingeondoka mara ikishapakiwa, na Atumani juu ya magunia. Kasongo kwanza, halafu Kindu. Bulaimu alikuwa ameshawapeleka watu Kindu kwa kesi za damu. Hajaona hata mmoja akirudi.

"Damu ya mutumbwi ni ya nini?" aliuliza.

"Ya korongo. Bwana Gaston alitaka moja ya kuweka dawa na kupeleka kwao. Théophile alimupiga asubuhi, tukamubeba. Muulize muzungu mwenyewe."

"Na jioni ulimuacha Théophile wapi?"

"Pa kibanda cha kutazamia. Aliniambia, 'Atumani, rudi, miye nitapita kwa miguu, kuko jambo nataka kuangalia.' Akanipa sigareti."

"Mulikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi gani? Alikuwa ananicheka, ati mutumbwi wangu unavuja kama kichungio. Namujibu, viatu vyako vinakunywa maji kuliko mutumbwi." Midomo ya Atumani ilianza kucheka, ikashindwa njiani. "Bwana sajini, hujanijibu juu ya watoto."

Bulaimu alisimama. Kwa watu wa mama yake, maji yaliyolaza maiti hayavuliwi, wala samaki wake hawaingii chunguni, mpaka ndugu wa marehemu waje wayaoshe. Anayekula samaki hao amekula mtu. Hakuna mtoto wa mto asiyelijua jambo hilo, kama vile hakuna asiyejua kuogelea.

"Watoto hawakujua," alisema. "Asiyejua, haimushiki."

Hakuwa na hakika kama ndivyo mama yake alivyokuwa akisema. Lakini Atumani aliegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.

*

Bwana Roger alikuwa nje, akihesabisha magunia. Alikuwa kijana, uso umeungua jua, na hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Bulaimu mpaka mwisho.

"Sajini," alisema, "nikimwandikia hakimu kwamba mshtakiwa hana kosa kwa sababu alikula vizuri, ataniuliza kama nimepata malaria."

"Hakula vizuri tu, bwana. Aliwalisha watoto wake. Mutu wa hapa, akiwa ameua mutu ndani ya maji Jumatatu, Jumanne hawezi kupakulia watoto samaki ya maji yale. Mukono utakataa."

"Labda yeye mkono wake haukukataa. Labda ni mtu mgumu."

"Mutu mugumu hatapiki siku mbili."

Bwana Roger alimtazama. Kisha akatazama kamyo, nusu yake imejaa.

"Niletee kitu ninachoweza kukishika mkononi. Kamyo ikijaa nitapita Kamizi kukuchukua, na mtu wako atakuwa juu yake. Baada ya hapo, maneno ni ya Kindu."

*

Kapita Faradji ndiye aliyewapeleka majini. Alikuwa mtu wa umri wa kati, mpana wa mabega, mcheshi, kofia yake ya ukapita imekaa upande. Alisimama nyuma ya mtumbwi na upondo wake mrefu. Bwana Gaston alikaa mbele na darubini kifuani. Bulaimu alikuwa katikati, mgongo wake kwa Faradji.

Mzungu huyo mzee alikuwa amelia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha.

"Sajini, weye kukaa chini kabisa," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Hapana tikisa. Ndege naogopa."

Waliingia katika mlango wa mafunjo, na Kamizi ikafunguka mbele yao. Bulaimu alikuwa amepita ukingoni mara nyingi bila kugeuza kichwa. Sasa aliona. Maji yalikuwa yamelala mapana, na juu yake, juu ya majani yanayoelea, juu ya kila kijiti, kulikuwa na ndege. Korongo weupe walisimama kwenye maji mafupi. Vitwitwi walikimbia matopeni wakitikisa mikia. Na wale wadogo weupe, wenye mabawa membamba kama wembe, walishuka na kupanda, wakagusa maji kwa mdomo na kurudi kukaa juu ya vigingi vya wavuvi.

"Wale wote natoka Ulaya," Bwana Gaston alinong'ona. "Kule sasa baridi mingi. Nakuja huku, nakula, mwezi wa nne narudi."

"Miye nikitoka Kasongo kwenda Kabambare lazima nipate karatasi ya njia," alisema Bulaimu. "Hawa wanapita bila karatasi?"

"Wakamate, bwana sajini!" Faradji alicheka nyuma yake. "Tutajaza ghala."

Bulaimu naye alicheka kidogo. Aliusikia upondo ukizama, ukigusa tope, ukitoka na maji yakidondoka.

"Bwana Gaston, Jumatatu ulimutuma Théophile kazi gani?"

"Kwenda kuona." Mzee alinyoosha kidole upande wa mbali, ambako mafunjo yalifanya kona. "Jumatatu, mbele ya mangaribi, miye iko kule juu, pa nyumba. Naona ndege yote nakwenda pale. Yote! Korongo, hawa weupe, yote natupa chakula yao, nakimbia pale moja. Miye nauliza, juu ya nini? Naambia Théophile, kwenda kuona, kesho ambia miye."

"Ndege wengi wakikimbilia pahali pamoja, kunakuwa nini?"

"Chakula mingi. Samaki iko juu ya maji, ao..." Alifuta kioo cha darubini kwa shati. "Miye namutuma, sajini. Miye mwenyewe."

Upondo ulikuwa umesimama. Mtumbwi ulienda peke yake kidogo, kisha upondo ukarudi kazini.

Samaki juu ya maji. Bulaimu hakugeuka. Samaki wa Kamizi hawapandi juu kwa mapenzi yao. Kuna majani ya utupa. Mtu akiyatwanga na kuyamimina katika maji yaliyotulia, samaki wanalewa na kuelea matumbo juu, wadogo kwa wakubwa. Serkali ilikuwa imeyakataza, kwa fimbo na kifungo, na aliyetangaza katazo hilo hapa, kila mwanzo wa msimu, kwa ngoma na kwa sauti yake mwenyewe, alikuwa kapita.

Lakini hilo lilikuwa wazo tu. Wazo halishikwi mkononi.

Walipita kando ya mstari wa vigingi. Kila kigingi kilikuwa cha kufungia mgono, mtego wa samaki, na sasa vyote vilikuwa vitupu, kwa kuwa jana ngoma ya kutangaza maiti ilipolia kila mvuvi alikuja kutoa migono yake. Bulaimu alivitazama kwa sababu ndege walikuwa juu yake. Halafu aliacha kutazama ndege.

Baadhi ya vigingi vilikuwa vyeupe. Mavi ya ndege yalikuwa yamevivika kutoka kichwani hadi karibu na maji, mazito, yamekauka yakatoa nyufa. Vingine, vya mti ule ule, katika mstari ule ule, vilikuwa na madoa machache tu.

Labda ndege walipenda upande wenye maji marefu. Aliangalia. Hapana: cheupe kimoja kilikuwa kati ya viwili safi, na mtu angeweza kuvigusa vyote vitatu bila kusogea.

"Bwana Gaston, hawa wanachagua muti wa kukaa?"

"Hapana chagua. Muti iko, ndege nakaa. Ile majani nacheza-cheza na upepo, ile tu naogopa."

Hiyo Bulaimu aliijua. Mvuvi anapotega, anafunga juu ya kigingi utepe wa jani la mchikichi; upepo unauchezesha, na ndege hawakai hapo kuiba samaki. Akitoa mgono wake, anaondoa na utepe. Ndege hakai juu ya kigingi siku mgono uko kazini.

"Mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

"Jumapili," Faradji alijibu nyuma. "Hiki ni kiangazi kidogo. Juu ya nini unauliza?"

"Nauliza tu." Mvua ingekuwa imeosha weupe wote wa kabla ya Jumapili. Bulaimu alinyoosha mkono, akashika kigingi cheupe. Ndege aliruka. Kichwani mwa kigingi, chini ya weupe, palikuwa na alama mbili zilizokatwa kwa kisu. Cheupe kilichofuata, alama mbili. Kilichofuata tena, mbili. Vile safi vilikuwa na alama nyingine: moja, tatu, msalaba. "Kapita, alama mbili ni za nani?"

Upondo uligusa tope. Ulikaa huko.

"Zangu."

"Migono yako uliitoa lini?"

"Jana, bwana sajini. Kama kila mutu. Ngoma yenyewe nani aliipigisha? Miye."

"Jana."

"Jana asubuhi, maiti ilipoonekana."

Bulaimu alikuwa na maji mbele, maji kando, na nyuma yake mtu mwenye mti mrefu mkononi. Bwana Gaston alikuwa ameinua tena darubini na hakusikia kitu. Kivuli cha Faradji kilimfunika sajini begani, na kivuli hicho hakikusogea.

"Basi turudi," alisema Bulaimu kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Jua ni kali. Hapa hakuna kitu ila ndege."

Kisha kivuli kiliinama, na mtumbwi ukaanza kugeuka.

*

Ukingoni watu walikuwa wamekaa chini, kama wanavyokaa watu wa kilio, wakingoja ndugu wa Théophile wafike kutoka Kabambare kuosha maji. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu. Hakuna aliyepika. Kamyo ya pamba ilikuwa imeshafika, imezimwa barabarani, na Atumani alikuwa juu ya magunia na polisi mmoja kila upande. Mkewe alikuwa amesimama chini karibu na gurudumu, mkono juu ya tumbo, akimwangalia.

Bwana Roger alikuja akitazama saa yake.

"Umepata cha kushika?"

"Bado, bwana. Nipe ruhusa ya kuuliza neno moja mbele ya watu hawa."

"Moja."

Bulaimu alisimama kati ya watu na maji. Hakupandisha sauti.

"Wazee, wamama, poleni. Sikuja kuwahukumu. Nataka tu kujua: jana ngoma ilipolia, nani alitoa migono yake?"

"Sisi wote," walijibu, mmoja mmoja.

"Na kabla ya jana, Jumanne, Jumatano, nani alikuwa anavua?"

"Sisi wote," walisema tena, na sauti zilikuwa chini sasa. Mzee mmoja alitema mate na kufuta mdomo. Walikuwa wamevua, wameuza sokoni Jumatano, wamekula.

"Miye nimetoka kule," alisema Bulaimu. "Vigingi vyenu ndege wamevikalia tangu jana, viko na madoa kidogo. Lakini kuko vigingi katikati ya vyenu, vimevikwa nguo nyeupe toka juu mpaka chini. Siku moja haiwezi. Vile havina mugono tangu Jumanne, kama si Jumatatu usiku. Muende muone wenyewe, viko na alama mbili."

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Vichwa viligeuka polepole, kama vichwa vya watu wanaosikia jina lao wenyewe.

Faradji alikuwa bado ameshika upondo. "Ndege wananya panapowafaa," alisema, akacheka. "Bwana ajan, utaandika mavi katika kitabu cha serkali?"

Wachache walijaribu kucheka naye. Bwana Roger, aliyekuwa ameelewa nusu, alifungua kinywa. Lakini mwanamke mmoja alikuwa ameshasimama. Alikuwa Emilienne, dada mdogo wa Faradji, mjane, mwenye vigingi vya alama moja. Kitambaa chake cha kilio kilikuwa kimefungwa kiunoni.

"Yaya," alisema, akimwita kaka yake mkubwa.

"Kaa chini, Emilienne."

"Yaya, Jumatano nilikuletea samaki. Wawili wakubwa, nilikufungia ndani ya jani. Ulinirudishia."

"Sikuwa na njaa."

"Ulisema, 'Leo tumechoka samaki.' Bibi yako alipika sombe tupu, majani bila samaki. Nilishangaa njia nzima. Nyumba ya kapita, sombe tupu!" Alikuja mbele hatua kwa hatua, na watu walimpisha. "Wale samaki uliorudisha, yaya. Niliwapeleka wapi?"

Faradji aliuhamisha upondo mkono mwingine.

"Niliwapeleka pa mama. Mama yetu hana meno, nilimutolea miiba kwa mukono wangu. Ulinikuta pale. Ulikaa mulangoni, ukanitazama namulisha. Uliuliza kama kuko chumvi ya kutosha."

Emilienne alimkaribia kaka yake mpaka wakatazamana.

"Ulijua kulikuwa nini ndani ya maji yale?"

Uso wa Faradji ulikuwa umejaa jasho. Angeweza kukana mbele ya ajan, angeweza kukana mbele ya hakimu wa Kindu na kuapa juu ya kitabu. Bulaimu aliona jinsi alivyojaribu: kinywa kilifunguka mara mbili.

"Ningewaambiaje, Emilienne?" alisema mwishowe. "Ningesema 'musikule', mungeuliza juu ya nini."

Emilienne alifunika uso wake. Sauti iliyomtoka haikuwa kilio cha msiba. Kundi zima lilisogea nyuma, mbali na Faradji, kama watu wanaoacha njia kwa siafu.

Upondo ulimwanguka mkononi. Alisema mengine akiwa ameketi matopeni, bila kuulizwa sana. Alikuwa amemimina utupa kwenye kona ya mafunjo. Samaki walipanda, na ndege wakaja, wengi kuliko alivyowahi kuona, wakafanya kelele kama soko. Halafu Théophile akatokea akitembea juu ya mizizi, akicheka, akasema, "Kapita, kumbe ni weye unawaalika?" Alikuwa anacheka tu. Lakini alisema lazima amwambie Bwana Gaston. Faradji alimsihi. Théophile aligeuka kuondoka. Jiwe la kutwangia lilikuwa mkononi mwa Faradji.

Bulaimu alimfafanulia Bwana Roger kila neno. Nyuma yao Bwana Gaston alisikiliza, kofia mkononi, kisha akaenda kukaa peke yake ndani ya mtumbwi.

"Na hilo jiwe?" aliuliza Bwana Roger.

"Nilitia ndani ya kikapu cha utupa," alisema Faradji, "pamoja na kofia yake. Nikafunga, nikazamisha. Kwa kigingi changu cha mwisho."

Bwana Roger alivuta pumzi. "Kesho atasema alipigwa, alitishwa. Wakili atasema ni wazimu wa kilio. Kikapu nakitaka leo. Nani atazamia?"

Bulaimu aliuliza. Wavuvi walitazama chini. Walikuwa watu waliozaliwa na kukulia majini, na hakuna aliyeinua mguu. Aliwatazama polisi wake wawili juu ya kamyo. Mmoja alitikisa kichwa waziwazi mbele ya mkubwa wake. Maji yalikuwa hayajaoshwa.

Bwana Roger alitazama saa tena. "Bila kikapu, sajini, wote wawili wanakwenda Kindu. Hakimu atachagua."

Bulaimu aliinama akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Hakuwa muogeleaji. Mama yake alimhamisha kutoka mtoni angali mdogo.

"Acha, bwana sajini," sauti ilisema kutoka juu ya magunia. "Utakufa bure. Miye nimeshakula. Kitu gani tena kitanishika? Nifungueni, nitaingia."

Mkewe alisema, "Atumani, hapana." Alisema mara moja tu.

"Akiingia kwenye mafunjo hatutamwona tena," alisema Bwana Roger.

"Akikimbia," alijibu Bulaimu, "kamba ile inifunge miye, na kamyo inipeleke miye Kindu."

Ajan alimkazia macho kwa muda, akaona kwamba sajini hakuwa anatania. Akaashiria kwa kidole.

Walikwenda kwa mitumbwi miwili. Atumani alisimama mbele, dhaifu, alama za kamba nyekundu mikononi. Kwenye kigingi cha mwisho chenye alama mbili, alitazama maji, akasema kitu kwa lugha ya nyumbani kwao, maneno machache. Bulaimu alisikia humo jina la Théophile. Kisha akaingia, taratibu, bila kurusha maji.

Maji yalijifunga juu yake.

Bulaimu alitazama mapovu. Yaliendelea, yakapungua, yakakoma. Upepo ulipita juu ya mafunjo. Bwana Roger aligeuza kichwa kutazama matete ya upande mmoja, halafu ya upande mwingine, na mkono wake ukagusa mfuko wa bastola. Kule ukingoni hakuna aliyesimama. Sajini alishika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili na akajikuta yeye naye amebana pumzi, mpaka masikio yakaanza kuvuma.

Katika ukingo wa mafunjo, mbali na kigingi, majani yalitikisika.

"Sajini," alisema Bwana Roger, polepole.

Bulaimu hakuondoa macho juu ya kigingi.

Ndipo ndege waliporuka. Waliondoka wote pamoja, korongo, vitwitwi, wale wadogo weupe, na kelele yao ikafunika Kamizi yote, kwa maana kichwa cha mtu kilikuwa kimetoka katikati yao, si kule majani yalikotikisika, bali chini kabisa ya kigingi. Atumani alikohoa maji, akavuta pumzi kama mtu anayepasuka. Begani mwake palikuwa na kamba ya mgomba, na kwenye kamba kikapu, kizito, kikidondoka tope jeusi na majani yaliyooza.

Bulaimu alikivuta ndani. Bwana Roger mwenyewe alikata kifuniko kwa kisu. Jiwe lilikuwamo, la kushikwa kwa mkono mmoja, na chini yake kofia ngumu ya Théophile, imebonyea nyuma. Ajan aliishika kofia hiyo kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu.

Waliporudi ukingoni Atumani ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alitembea katikati ya watu akitiririka maji, akampita Faradji bila kumwangalia, akampita mkewe, akafika kwenye kamyo. Hapo alisimama, akageuka, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vimekutana, kama walivyomzoeza tangu jana.

Alingoja. Hakuna aliyeleta kamba.